Jicho la Nne

Leningrad, 14 Januari 1983

Mjomba Saveli mpendwa,

Nawaamkia wewe na mkaza mjomba Glafira, na nyuki wenu waliolala huko chini ya nyumba. Sisi huku wazima. Mama anakohoa lakini hataki kuitwa mgonjwa. Ukimwambia akalale, anachukua brashi na kusugua sakafu. Asali imefika. Kopo moja lilivuja njiani likazilowesha zile soksi za sufu, nimezifua mara tatu na bado zinanata. Bi Feoktista, jirani tunayechangia naye jiko, alikuja kuonja kijiko kimoja tu kwa ajili ya koo. Koo lake limemaliza robo ya kopo.

Sasa habari yenyewe, maana najua mkaza mjomba anakusomea na umeshaanza kugonga meza kwa vidole. Ninayo kumi na mmoja. Milipuko ya miale ya gama, ile mifupi, isiyofika hata sekunde mbili. Mingine imekwisha kabla hujapepesa kope. Ile mirefu kila mtu anayo. Hii mifupi wenzetu wanaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Chombo chetu kimekaa angani mwaka na nusu na yale macho yako sita ya kunasa miale, nami nimepitia kanda zote hadi naota mistari.

Profesa Vikenti amenipangia kutetea tasnifu tarehe 22 Juni. Nikipita, nafasi ya kudumu katika Taasisi ni yangu, na ikiwa yangu, mimi na Mama tunapewa chumba na jiko letu wenyewe. Mama ameshaanza kuchagua mapazia. Nimemwambia asubiri, hasikii.

Kuna jambo dogo tu. Mingi katika hiyo kumi na mmoja imeonwa na jicho la nne kuliko mengine. Wewe ndiye uliyeyafunga hayo macho kwa mikono yako. Unakumbuka lolote kuhusu la nne?

Mpwa wako,
Rimma


Biysk, 2 Februari 1983

Mpwa wangu Rimma,

Barua yako ilinikuta juu ya paa napambana na theluji kwa koleo. Glafira alisimama chini akanisomea kwa sauti ya kuita ng'ombe, kwa hiyo mtaa mzima sasa unajua una milipuko kumi na mmoja. Fundi wa redio wa hapa kaniuliza kama ni hatari. Nimemwambia ni hatari sana kwa watu wasiolipa deni la asali.

Sisi wazima. Glafira aling'olewa jino, akanuna siku mbili, raha ilioje. Baridi imefika nyuzi thelathini na nane. Nyuki nawasikiliza kila asubuhi kwa mpira wa daktari. Wanavuma taratibu, maana yake hai. Mwambie dada yangu Lidia anywe maziwa ya moto na asali, na brashi aifiche mtu mwingine.

Kumi na mmoja ni kazi ya mtu mzima. Nimefurahi, na sifichi. Yale macho tuliyafunga vizuri: fuwele ndani ya kopo lake, kioo mbele, mrija nyuma wa kuuona mwanga, gundi isiyo na povu hata moja. Pale karakana ya Taasisi walikuwa wakisema Saveli akishafunga kopo, hata unyevu unabisha hodi kwanza. Fuwele ile ni chumvi, usisahau. Inaogopa unyevu, inaogopa haraka.

Kuhusu jicho la nne, mambo yote yamo katika daftari la karakana. Soma daftari.

Kula, unakonda.
Mjomba Saveli


Leningrad, 20 Februari 1983

Mjomba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Mama kapika chapati nyembamba arobaini na Bi Feoktista kaja na koo lake. Kikohozi kimepungua. Brashi nimeificha nyuma ya piano ya jirani wa tatu.

Nimesoma daftari. Ukurasa wa arobaini na moja, tarehe 5 Novemba 1980: "Fuwele ya jicho la nne, fungu la saba, safi." Halafu sahihi yako. Mjomba, daftari zima umeandika mwandiko wako ule wa kuku aliyekanyaga wino. Ukurasa huo mmoja umenyooka kama wa binti wa shule siku ya mtihani. Nilicheka peke yangu mle kumbukumbuni, mtunzaji akanitazama vibaya.

Nikueleze kinachonisumbua. Mlipuko wa kweli unatoka mbali mno na miale yake inakimwagikia chombo kizima. Jicho lililouelekea linauona sana, majirani zake wanauona kidogo. Kidogo, lakini wanauona. Katika milipuko yangu saba, jicho la nne linapiga kelele na majirani wako kimya kabisa. Na kile chombo kingine kilicho karibu na Zuhura, ambacho hupokea milipuko hiyohiyo baada ya dakika chache, kimeiona minne tu. Ile saba hakikuiona. Profesa anasema chombo kile ni kizee kimeshapofuka, na kwamba mimi nina bahati nisiyoistahili na ninaitafutia ila.

Lipo jambo jingine linaloweza kuleta alama kama hizo, nawe unalijua kuliko mimi. Punje nzito ya angani ikiigonga fuwele mbovu, fuwele inaendelea kung'aa kwa nusu sekunde hivi, na mashine inaandika mlipuko mfupi. Ndiyo maana fungu la tano la fuwele lilikataliwa. La saba lilipimwa likapita. Basi jicho la nne haliwezi kuwa na ugonjwa huo, sivyo? Niambie tu "haliwezi", nilale.

Rimma


Biysk, 30 Machi 1983

Rimma,

Nimechelewa. Posta ilikwama, kisha mto Biya ukaanza kupasua barafu tukahamisha vitu vya chini, kisha nilikuwa na shughuli. Glafira hajambo, anakusalimu. Mizinga miwili imekufa.

Umeniuliza mara mbili, nami nilishakujibu mara ya kwanza. Daftari lina sahihi yangu na muhuri wa mkaguzi. Miaka thelathini na moja nimekaa pale, picha yangu iko kwenye ubao wa heshima pale ngazini, na hakuna mtu aliyewahi kuja kunipekua mwandiko. Wewe nimekufundisha kushika koleo la chuma ukiwa na miaka sita, leo unanicheka mbele ya mtunza kumbukumbu.

Una milipuko kumi na mmoja, profesa wako ameridhika, tarehe imepangwa, mama yako anataka jiko lake kabla hajafa. Mtu aliyepewa shati jipya hakai akilitafutia chawa. Kama hulali, fanya kazi ya mikono. Acha kuchokonoa.

Ila kama huwezi kuacha, basi omba watu wakusogezee tarehe hadi Desemba. Sisemi kuna sababu.

Saveli


Leningrad, 17 Aprili 1983

Mjomba mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nisamehe kwa yale ya mwandiko, nilitania na utani ukapitiliza. Sikuulizi tena.

Mama yuko vizuri. Barafu ya mto wetu imeondoka, na samaki wadogo wa masika wamejaa sokoni hadi mji mzima unanuka matango, maana ndiyo harufu yao. Tulikaanga sufuria mbili. Bi Feoktista na jirani wa tatu wamegombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo, sasa wanazungumza kwa kupitia kwangu: mwambie yule, mwambie na yeye. Nimekuwa balozi bila mshahara.

Karakana wana haraka. Chombo kipya lazima kiwe tayari kabla ya sikukuu ya Mapinduzi ya Novemba, bango wameshalitundika ukutani, na kiwanda cha fuwele kinawacheleweshea. Wiki iliyopita walifungua kabati lako la chini, lile lenye mlango wa kijani, wakakuta kisanduku chenye fuwele mbili na kikaratasi chako: "Fungu la saba, safi." Wamefurahi kama watoto. Matvei, aliyechukua nafasi yako, amesema fuwele yenye kikaratasi cha Saveli haina haja ya kupimwa upya. Wanazifunga baada ya sikukuu ya Mei.

Mkaza mjomba aniandikie namna ya kuponya mikono iliyokauka. Yangu imepasuka kwa sabuni.

Mpwa wako akupendaye,
Rimma


SIMU YA MAANDISHI
BIYSK 27 APRILI
FUWELE MBILI KABATINI MSIZIFUNGE. MWAMBIE MATVEI LEO. BARUA YAFUATA. SAVELI


Biysk, 27 Aprili 1983

Rimma mwanangu,

Barua yako imefika saa nne asubuhi, saa tano nilikuwa posta. Glafira ananiuliza kuna msiba gani na mimi nimemwambia atoke nje aangalie nyuki.

Hazikuwa za fungu la saba. Hizo mbili ni za fungu la tano, lililokataliwa. Na ya tatu iko juu, ndani ya jicho la nne.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Mwaka ule nasi tulikuwa na bango ukutani: chombo kitakabidhiwa kabla ya tarehe 7 Novemba. Macho matano yalikuwa tayari. Fuwele ya sita, ile ya jicho la nne, ililetwa asubuhi ya tarehe 5 kutoka ghala la nje, imeganda kwa baridi. Kanuni unaijua, mtoto yeyote wa karakana anaijua: kisanduku kikitoka baridini kinakaa siku nzima chumbani bila kufunguliwa, fuwele ipate joto polepole. Mimi ndiye niliyewafundisha wote kanuni hiyo. Siku hiyo niliipa saa moja. Nilifungua, nikaishika mkononi, nikasikia tik, kama barafu ukiitia kwenye chai. Ufa kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Nyingine ya fungu hilo haikuwepo. Kuagiza mpya ni miezi miwili. Ningekwenda ghorofani nikasema: mimi, Saveli, nimevunja fuwele kama mwanagenzi, shusheni bango. Nilivaa koti niende. Nilifika ngazini, pale penye ubao, nikajiona mwenyewe nimetundikwa na tai shingoni. Nikarudi.

Za fungu la tano zilitakiwa kusagwa. Mimi situpi kitu, nilikuwa nimeziweka tatu kabatini. Nilifunga moja. Ukurasa wa arobaini na moja niliuchana nikauandika upya, na kwa kuogopa kukosea nilijikaza niandike vizuri. Ndicho ulichokiona. Hizo mbili zilizobaki nikaziandikia kikaratasi cha uongo, asije mtu akauliza ya tatu imekwenda wapi. Zile nilikusudia kuzisaga siku yangu ya mwisho kazini. Siku yangu ya mwisho mlinifanyia karamu, nikalewa, nikasahau.

Ulipouliza mara ya kwanza nilisema moyoni, labda si hilo. Ulipouliza mara ya pili nilijua ni hilo, maana ulinieleza ugonjwa wenyewe kwa jina lake. Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili yako, kwamba nikisema nitakuvunjia tasnifu na jiko la mama yako. Ukweli ni kwamba niliona aibu mbele ya mtoto niliyemlea. Hiyo barua ya Machi ni ya mtu mwoga, ichome. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa radhi kikuumbue wewe.

Lakini Matvei kutoipima fuwele kwa sababu jina langu liko juu yake, hilo sikuweza kulimeza. Usiku na mchana yule kijana aliniita mwalimu.

Nimeandika karatasi nyingine ya kukiri yote haya, imo humu, ina tarehe na sahihi yangu. Hiyo ni ya Taasisi. Ipeleke. Usinihurumie.

Mjomba wako,
Saveli


Leningrad, 30 Mei 1983

Mjomba wangu mpendwa,

Tuanze na salamu, maana mambo hayawezi kutufanya tuwe washenzi. Mama mzima, anakusalimu, hajui yote lakini anajua kuna jambo, na amesema "mwambie kaka yangu ale". Mafuta ya nta ya mkaza mjomba yamefika na mikono imepona. Mwambie namshukuru.

Simu yako ilifika kabla ya sikukuu ya Mei. Nilikimbia nayo karakana nimevaa ndara. Matvei alidhani natania. Fuwele zilipimwa siku ile ile mbele ya watu watatu, na zote mbili ziling'aa, na kuendelea kung'aa, kwa muda ule ule ninaouona kwenye kanda zangu. Zimesagwa. Matvei alikaa kwenye kiti chako akasema, "Ningeziweka, Rimma. Ningeziweka zote mbili."

Nawe nikuambie yangu, maana si wewe peke yako uliyeficha. Nilijua tangu Februari, siku ile ya daftari. Sikucheka mle kumbukumbuni, nilikuandikia uongo. Nililia. Kisha nikakuuliza kwa mzunguko, nikitaka uniambie mwenyewe, na uliponijibu ile ya Machi nilikasirika hadi nikashindwa kukuandikia wiki nzima. Tarehe 15 Aprili nilikwenda kwa Profesa Vikenti nikafuta ile saba. Akaniuliza sababu. Nikasema sijui sababu, ila siiamini. Akaniambia mtu mzima haendi mbele ya baraza na "sijui". Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa kichwani mwangu na sikuutaja.

Siku mbili baadaye nilikuandikia habari za kabati. Ilikuwa kweli tupu, lakini ile sentensi niliiandika mara tatu ili ionekane kama porojo. Nilijua huwezi kunijibu mimi. Nilitumaini utamjibu Matvei. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, lakini ujue.

Karatasi yako nilikaa nayo siku kumi na tisa. Fuwele zilikuwa zimekwisha sagwa, ile milipuko saba ilikuwa imekwisha futwa, nani angeuliza? Niliiweka ndani ya kamusi. Kisha mgeni kutoka taasisi nyingine akaja kuomba nakala ya kanda, anataka kutafuta milipuko mifupi kwa njia yake, na nikamwona mezani akifurahia jicho la nne kama mimi nilivyofurahi Januari. Siku hiyo niliipeleka.

Nitakuambia yote, kwa sababu ulisema nisikuhurumie. Picha yako wameitoa ngazini. Pamebaki misumari minne na mahali peupe. Katika daftari wamebandika karatasi yako juu ya ukurasa wa arobaini na moja. Baraza limenisogeza hadi tarehe 14 Desemba, na Profesa anasema tasnifu ya milipuko minne ni supu ya kabichi isiyo na kabichi. Nafasi ya kudumu itasubiri, haikunipotea lakini haiko mkononi. Mama amekunja mapazia akayaweka sandukuni. Wapo wanaosema nimemuuza mjomba wangu. Wapo wanaosema mjomba wangu aliniuza mimi. Nawapita wote.

Na hili ulisikie vizuri, na mkaza mjomba akusomee mara mbili. Ile minne nimeipima upya, bila jicho la nne kabisa, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Imesimama. Mmojawapo una urefu wa sehemu moja ya tano ya sekunde, na nimeuona wazi kwa macho yako matano, la kwanza, la pili, la tatu, la tano na la sita. Na chombo cha Zuhura kinasema ndiyo, mara zote nne. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kama ile ni ya kweli.

Mpwa wako,
Rimma


Biysk, 14 Juni 1983

Rimma mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, Glafira nilimnyima. Baadaye nikampa, akalia, kisha akanipikia pelmeni, vile vimaandazi vya nyama, sahani mbili kama vile nimetoka hospitali. Sasa anajua yote na bado analala chumba kile kile. Nyuki wako kwenye maua ya mlimani, mizinga kumi na miwili inafanya kazi, asali ya mwaka huu itakuwa nyepesi.

Picha waitoe, pale ngazini kuna upepo. Kuhusu sentensi yako ya mara tatu: ulinishika kama nyuki anavyoshikwa kwa maji ya sukari, na sijui nikukasirikie vipi. Nimejaribu tangu juzi.

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema na nimeyakata. Hili tu. Nimeuza mizinga mitatu kwa fundi wa redio na nimekata tiketi ya treni. Nitafika Leningrad tarehe 11 Desemba, nitalala jikoni kwa Bi Feoktista kama hapana mahali pengine. Tarehe 14 nitakaa mstari wa mbele, na tai.

Wewe waeleze ile minne, uieleze kwa sauti, usimung'unye. Halafu mmoja wao atauliza habari za jicho la nne, lazima atauliza. Hapo wewe nyamaza, hata Profesa akikukonyeza. Nitasimama mimi.

Mjomba wako,
Saveli